Mhadhara wa Bingwa wa Majeraha na Macho

Ndugu wananchi wa Newala, wageni kutoka Masasi mliopandishwa mlima na lori la korosho, nawe mzee wa mbele unayesinzia kabla sijaanza: salaam. Kipaza sauti kisogezwe. Bado, kisogezwe tena. Na hiki kiti hakina egemeo. Mtu wa hadhi yangu hafundishii juu ya kigoda cha muuza uraka.

Mada ya leo ni ushahidi wa majeruhi katika kesi za mauaji. Bingwa wa fani hii kusini kote ni mimi. Cheti ninacho, cha semina ya Masasi. Ni kweli semina ilihusu upuliziaji wa salfa kwenye mikorosho, lakini elimu ni elimu.

Kanuni yangu ni hii: aliyejeruhiwa hakosei. Panga likishamgusa mtu, macho yake huwaka kama kurunzi. Yangu yalikuwa yanawaka hata kabla. Nikisimama pale Shimo la Mungu, naona bonde lote la Ruvuma, navuka hadi Msumbiji, namwona mama anaosha sufuria, na mboga aliyopika naijua. Miwani hii? Ya heshima tu. Daktari aliyeniandikia alikuwa na wivu.

Wapo wanaonipinga, na kwa bahati mbaya ni majaji. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko wote, usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uondolewe. Wakaja na maswali: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Kwa umbali gani? Mwanga ulikuwaje? Alikuwa anamfahamu kabla? Maswali ya watu wasioonja panga! Wala hawakuniomba ushauri, na nilikuwa nyumbani.

Chukueni kesi yangu. Usiku, msimu wa minada, mlinzi wa ghala akauawa, nami nikakatwa. Mwanga ulikuwepo: kibatari. Wakili wa utetezi, kijana asiyeota hata ndevu, akauliza kilikuwa wapi. Nikamjibu kwa ufasaha: kilikuwa ndani, mimi nikiwa nje. Akaifungua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, akauliza jeraha liko wapi. Heshima ya hadhara hii hainiruhusu kupataja, ila daktari aliandika "nyuma, chini ya kiuno". Basi yule kijana akataka kujua niliionaje sura ya mtu aliyekuwa nyuma yangu, huku nakimbia. Nakimbia! Nilikuwa nawahisha taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji.

Na nilifika. Nikamsimulia yote isipokuwa jina. Jina lilikuja wiki iliyofuata, nilipokumbuka kwamba jirani yangu hajanilipa magunia yangu ya korosho. Hapo sura ikanijia safi kabisa, hadi kovu la kidevuni. Majaji nao, katika shauri la Marwa Wangiti Mwita lililoripotiwa mwaka 2002, wanadai kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ndiko kunakompa shahidi uaminifu, na akichelewa bila maelezo mahakama yenye busara ishtuke. Haraka ya nini? Akili kubwa haikimbizwi.

Sheria ya Ushahidi ipo upande wangu: haidai idadi maalumu ya mashahidi. Mmoja wa kuaminika anatosha. Nilikuwa mmoja. Hilo neno "kuaminika" wakili aliling'ang'ania mno.

Swali? Ndiyo, bibi wa pale nyuma. Unasema jeraha ni ushahidi kwamba panga lilipita, ila halisemi lilishikwa na nani? Na kwamba maumivu humpa mtu uhakika, siyo lazima yampe ukweli? Keti, bibi yangu. Hiyo ni falsafa, na falsafa haimo katika ratiba. Mnaopiga makofi, mngepiga nilipotaja cheti.

Nahitimisha. Kwa kosa la kuua kwa kukusudia adhabu ni kunyongwa hadi kufa, na aliyekuwa akimsogeza jirani yangu kwenye kitanzi ni mimi peke yangu. Mahakama ikamwachia huru. Muuaji wa mlinzi hajakamatwa hadi leo: siku zote alizokuwa akitoroka, polisi walikuwa wamemshika mtu wangu.