Mpira wa Maji Taka Upewe Haki Yake

Wahenga walisema akiba haiozi. Wahenga hawakupata kulala siku tatu ndani ya gari-nyumba.

Sisemi hivyo kwa kuwavunjia heshima. Ni kwamba lugha yetu imesifu vingi na kusahau kimoja. Tumeisifu kanga mpaka pindo lake, tumeusifu wali mpaka ukoko, tumewasifu viongozi mpaka wenyewe wakaona aibu, ingawa si wengi. Lakini sijamsikia mtu akisimama hadharani kuusifu mpira wa maji taka, ule unaovutwa kutoka ubavuni mwa gari-nyumba ili kupeleka shimoni mambo ambayo hayazungumzwi mezani. Leo nimejitolea mimi.

Niutambulishe kwanza kwa umbo. Upana wake ni inchi 3. Rangi yake ni ya kahawia, kwa kuwa aliyeutengeneza aliukubali ukweli mapema. Mwili mzima ni mikunjo, kama akodiani ya taarabu. Ukiuvuta unarefuka mita 4 au 5. Ukiuachia unarudi kwa kusitasita, kama mgeni aliyekwisha kuaga mara tatu na bado yuko mlangoni. Ncha moja ina meno ya kung'ang'ania tundu la gari. Ncha ya pili ina kiwiko cha plastiki angavu, unaona ndani vizuri kabisa. Nikauliza uangavu huo ni wa nini. Nikajibiwa: ili uone kazi inavyokwenda, na ujue imekwisha lini. Nimesikiliza hotuba nyingi juu ya uwazi na uwajibikaji katika maisha yangu. Sijaona ofisi iliyofikia kiwango cha kiwiko kile.

Tunaishi Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani. Ulipokaribia mwezi Mei, mama watoto aliamua kwamba tumesafiri vya kutosha kama wanafunzi, chakula kwenye mifuko na mito kwenye buti. Safari hii tukodi gari-nyumba twende Amana kwenye Maifest, sikukuu ya Kijerumani ya kuupokea mwezi wa Mei. Sasa, kutoka kwetu mpaka Amana ni kama saa moja na nusu kwa barabara kuu ya I-80. Mtu anaondoka asubuhi, anakula soseji yake, anarudi kabla jua halijazama. Nikaitoa hoja hiyo.

“Baba watoto,” akasema, “nimekaa na wewe miaka 19 kwenye nyumba isiyotembea.”

Hoja ikafungwa.

Mwenye gari alitukabidhi kwa somo la dakika 40. Kitanda kilichukua dakika mbili, jiko tatu, breki moja. Zilizobaki zote zilikuwa za choo. Kuna matangi matatu, alisema: la maji safi, la kijivu, linalopokea maji ya bafu na ya kuoshea vyombo, na jeusi, linalopokea yale mengine. Ukifika kwenye shimo la kumwagia, fungua jeusi kwanza, kijivu baadaye, ili maji ya sabuni yausuuze mpira. Usiache valvu ya tangi jeusi wazi kutwa nzima eti kwa sababu umekwisha unganisha: maji yatatangulia na kilicho kizito kitabaki ndani kujenga kichuguu. Na ile taa ya ukutani inayoonyesha tangi limejaa kiasi gani, usiiamini sana. Akatutazama mmoja mmoja, kama kadhi anayefungisha ndoa. “Mnirudishie likiwa tupu,” akasema.

Kwangu kazi hii haikuwa ngeni kabisa. Nimekulia Dar es Salaam, ambako ina jina lake: kutapisha. Mvua kubwa ikinyesha usiku, wapo wanaofungua shimo kimyakimya na kuiachia mvua ibebe, na asubuhi kila mtu anamtazama jirani yake. Wenye uwezo huita gari la maji taka, linaingia uchochoroni na mpira wake mnene, watoto wanalishangilia huku wameziba pua. Huu wa Iowa ni mdogo wake, tofauti ikiwa kwamba dereva, utingo na mwenye nyumba wote nilikuwa mimi.

Amana si kijiji kimoja. Ni saba, vimetawanyika kwenye bonde la mto Iowa. Waliovijenga walikuwa Wajerumani wa dhehebu lililoanza huko Hesse mwaka 1714. Wakaja Marekani katika miaka ya 1840 chini ya kiongozi wao Christian Metz, wakatua kwanza karibu na Buffalo, New York, kisha mwaka 1855 wakaanza kujenga Iowa. Watalii wengi huwadhani kuwa ni Amish. Siyo. Hawa hawakuwa na ugomvi na mashine: walichimba mfereji wa zaidi ya kilomita 9 ili maji yaendeshe viwanda vyao vya sufu na unga. Nyumba zao ni za matofali, mawe au mbao zisizopakwa rangi, na kutani wameegemeza fremu za kupandishia mizabibu.

Jina la vijiji hivyo wamelitoa kwenye Biblia, Wimbo Ulio Bora 4:8, ambako Amana ni mlima. Wenyewe wakalielewa kuwa ni kudumu katika uaminifu. Kwa Mswahili halihitaji kufasiriwa. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, na mzizi uliotupa sisi amana, imani na kuamini ndio huohuo. Nilipoona neno hilo kwenye kibao cha barabarani, katikati ya mashamba ya mahindi ambayo hata kuota hayajaota, nilipunguza mwendo. Amana ni kitu cha mtu ulichoachiwa, ukirudishe kama ulivyokipokea. Nikamkumbuka mwenye gari na jicho lake.

Maifest yenyewe ilikuwa nzuri, na nitaipitia haraka kwa sababu ina wasemaji wengi. Watoto walicheza wakiuzunguka mlingoti ulioning'inizwa utepe wa rangi nyingi, wakipishana mpaka utepe ukajisuka juu ya mti kama mkeka. Palikuwa na soseji, kabichi iliyochachushwa, bia, na mvinyo mchachu wa mabua mekundu ya rubabu ambao wenyeji huuita Piestengel. Mke wangu aliuonja, akafumba jicho moja, akanipa kikombe chote kwa mapenzi.

Lakini mlingoti ule una kasoro moja. Watu wanauzunguka kwa sababu wamealikwa. Mpira wa maji taka hauhitaji mwaliko. Siku ya pili asubuhi niliutoa tu kwenye boksi lake, na kabla sijaukunjua kambi nzima ya magari ilikuwa imejua. Akaja mzee wa gari la kushoto na kikombe cha kahawa. Akaja mwingine na mbwa. Wakasimama kwa mbali kidogo, upande upepo unakotoka, kwa adabu ya watu waliokwenda kutazama ngoma ya unyago wa mtu mwingine. “Mara ya kwanza?” mzee akauliza. Nikamwambia nimepata mafunzo.

Nikavaa glavu. Nikainama kufungua kifuniko cha tundu la gari.

Sikujua kwamba usiku uliotangulia, nilipoijaribu valvu, kipande cha karatasi kilikuwa kimenasa mlangoni mwake na haikujifunga sawasawa. Kwa hiyo nyuma ya kifuniko palikuwa na mkusanyiko mdogo wa watu wanaosubiri mlango ufunguliwe. Nilizungusha robo mzunguko. Wakatoka. Nilikuwa nimevaa viatu vya sikukuu.

Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. Aliangalia viatu, akaniangalia mimi, kisha akasema kwa sauti ya upole kabisa: “Pole, baba watoto. Vile vyeusi si umeviacha nyumbani?” Akaingia ndani. Nikausikia mgongo wa gari ukitikisika kwa kicheko.

Aliyenifundisha kilichobaki ni yule mzee. Aliweka kahawa chini, akaja na glavu zake mwenyewe, akanionyesha jinsi ya kuukandamiza mpira mpaka meno yashike, na kuuinua mkono kwa mkono kutoka garini kuelekea shimoni ili kisibaki kitu kwenye mikunjo. Tulisimama bega kwa bega tukikitazama kiwiko, wanaume wawili wa mabara mawili, tukingoja kieupe. Kilipoeupa aliniambia hongera. Sikumbuki nimepongezwa lini mara ya mwisho kwa jambo nililolistahili kiasi kile.

Hapo nikaanza kuuona utukufu wa kifaa hiki. Wale watu wa Amana waliamini kwamba Mungu husema kupitia watu aliowateua, nao wakawaita Werkzeug, maana yake chombo, kifaa cha kazi. Hawakuchagua neno la kifalme. Na mmoja wa vyombo vyao vikubwa, Barbara Heinemann, alikuwa mtumishi wa ndani kutoka Alsace ambaye hakujua kusoma. Alipoolewa mwaka 1823 ufunuo ukamkauka, ukamrudia mwaka 1849. Nilipomsimulia mke wangu alisema haoni ajabu yoyote katika habari hiyo. Nami nasema: kama jamii nzima iliweza kumsikiliza mjakazi, mimi ni nani nisisikilize mpira?

Na mpira unasema. Sisi tuliokulia Tanzania hatuwezi kupita katika vijiji kama hivi bila kumkumbuka Mwalimu. Azimio la Arusha lilitangazwa 1967. Amana walikuwa wameishi ujamaa wao, wakaumaliza, na watoto wao wamekwisha ota mvi. Ardhi ilikuwa ya wote. Kazi iligawiwa na wazee. Nyumba hazikuwa na jiko, watu walikula kwenye majiko ya pamoja yapatayo 50, kila moja likiwa na mama msimamizi. Hata makaburini hawana sehemu za koo: mawe ni ya aina moja, yamepangwa kwa kufuata nani alikufa lini. Mpango huo ulidumu Iowa miaka 77. Mwaka 1923 moto uliteketeza viwanda vyao, kisha ukaja mdororo wa uchumi, na mwaka 1932 wakapiga kura ya kuubadili: kanisa likabaki kanisa, mali ikawa kampuni yenye hisa.

Ila wanaosimulia historia hiyo hutaja dalili nyingine, ndogo, iliyotangulia moto. Watu walikuwa wameanza kwenda jikoni na vikapu, wanachukua chakula chao, wanakwenda kula nyumbani. Chakula kitamu kila mtu anaweza kukibeba akajifungia nacho. Nilizunguka kwenye makumbusho nikaona masufuria makubwa, mabenchi, vijiko vya mbao. Sikuona popote kumbukumbu ya aliyekuwa akisafisha vyoo vya jamii ile kwa miaka 77. Naapa yeye hakubeba kikapu. Ile ndiyo kazi ambayo hakuna anayeomba kwenda kuila peke yake, na kijiji, kama ndoa, kinasimama siku zote ambazo bado yupo mtu wa kuifanya bila kuuliza kwa nini ni yeye.

Usawa nao nimeuona. Siku ya kuondoka tulipanga foleni kwenye shimo la kumwagia. Mbele yetu palikuwa na gari-nyumba la ukubwa wa basi la mikoani, lenye televisheni hata kwa nje, gari ambalo bei yake ingejenga ghorofa Mbezi. Nyuma yetu palikuwa na kijitela cha vijana wawili. Zamu ya yule tajiri ilipofika alishuka, akavaa glavu, akautoa wake. Ulikuwa wa inchi 3. Wa kahawia.

Mimi na mama watoto tulimaliza wetu kwa dakika kumi. Yeye alishika valvu, mimi nikainua mpira mkono kwa mkono. Jeusi kwanza, kijivu baadaye, kisha tukasuuza mpira kwa maji safi na kuukunja. Hatukuambizana neno, na katika miaka 19 sikumbuki tumeelewana vizuri zaidi ya hapo. Ewe msomaji uliye na mchumba, usimpeleke hotelini kumchunguza tabia. Mkabidhi ncha moja ya mpira huu, wewe ushike nyingine.

Tulilirudisha gari Jumapili jioni. Mwenye gari aliingia ndani, akabonyeza kitufe cha ukutani, taa ikasema tangi jeusi limejaa theluthi mbili. Nikaanza kujitetea. Akaninyamazisha kwa mkono, akatoka nje, akavuta valvu, akafungua kifuniko, akainama na tochi. Alikaa pale kwa muda. Kisha akasimama, akaturudishia pesa ya dhamana yote, na hakuhesabu hata mito.

Taa ilikuwa bado inasema theluthi mbili.