Namna ya Kuwatisha Watu Bila Kuonyesha Jini

Ukishaamua kuandika hadithi ya kutisha kwa Kiingereza, usijisumbue kubuni jini. Jini ana gharama: anataka sura, kimo, harufu, na sababu ya kutokea usiku uleule shujaa alipokosa usafiri. Tafuta kivumishi. Waskoti wanacho kimoja tangu karne ya 16, eldritch, maana yake kitu cha kuogofya kisicho cha ulimwengu huu. Ukiulizwa asili yake, kunja uso useme pengine kimetokana na elf, yale mazimwi ya ngano zao. Hiyo “pengine” usiiache, maana hata watunga kamusi hawana hakika.

Ila mshairi wao Robert Burns usimsome, atakuharibu. Katika utenzi wake Tam o' Shanter, wa 1791, mlevi anatoka sokoni Ayr usiku wa tufani, yu juu ya farasi wake Meg. Kwenye gofu la kanisa la Alloway anachungulia, anaona wachawi wamepamba moto kwa ngoma, Shetani mwenyewe ndiye mpiga zumari. Mchawi mmoja kijana amevaa shimizi fupi kupita kiasi. Mlevi anajisahau, anampigia ukelele wa kumsifu. Papo hapo giza, na kundi zima linamtoka mbio. Hapo ndipo Burns anapolitoa neno letu, kuyasemea mayowe yao tu. Wachawi hawavuki maji yaendayo, kwa hiyo Meg anakimbilia daraja la mto Doon na kuokoka, mkia akiuacha mkononi mwa yule wa shimizi. Umeona hasara? Hadi kivumishi kinafika, msomaji keshaona kila kitu, kilichobaki ni kusikia. Kazi yote hiyo ya nini?

Mwalimu wako awe H. P. Lovecraft wa Providence, Marekani (1890–1937). Jarida la Weird Tales lililochapa hadithi zake lilikuwa likilipa kwa neno, na kivumishi nacho ni neno. Simsingizii mtu. Tabia yake aliijua: mwaka 1925 jarida hilo lilitoa hadithi yake The Unnamable, ambamo rafiki anamkejeli mwandishi kwa kung'ang'ania viumbe visivyotajika. Rafiki huyo anaishia kitandani hospitalini, majeraha mwilini, akikiri kwamba kilichowavamia kweli hakitajiki. Wakosoaji washughulikiwe hivyo.

Hata hivyo mwalimu naye aliteleza. Katika The Call of Cthulhu, ya 1928, alieleza sanamu la zimwi lake: pweza, joka na mtu katika umbo moja. Matokeo yake zimwi hilo linachorwa kwenye fulana hadi leo, na watoto wanalipenda.

Wewe kaza uzi. Kivumishi kipachike kwenye mwanga, kicheko, au mji uliozama baharini, kamwe si kwenye kitu ambacho msomaji anacho nyumbani kwake. Usiogope kukirudia. Wachezaji wa Dungeons & Dragons wamekwisha kukigeuza jina la kombora la kichawi, wanarusha dadu kujua kama limempata adui, na hakuna anayeuliza maana.

Mhariri akitaka kujua hicho kitu kina miguu mingapi, mjibu kwamba shujaa alizimia kabla ya kuhesabu.