Namna ya Kuikosea Adabu sed: Mwongozo wa Mjaribu Msumbufu

Programu ya sed huhariri maandishi ukiwa kwenye terminali. Haina dirisha wala vitufe. Unaipa amri na maandishi, nayo inasoma mstari mmoja mmoja, inabadilisha ulichoagiza na kutoa matokeo. Lee McMahon aliiandika kwenye maabara za Bell Labs nchini Marekani kati ya 1973 na 1974, akifuata lugha ya ed, kihariri cha Ken Thompson. Toleo la saba la Unix liliisambaza mwaka 1979, na leo imo karibu katika kila kompyuta ya Linux na kila Mac.

Kazi zake nyingi hufanyika watu wakiwa wamelala: kubadilisha anwani kwenye faili la mipangilio, kusafisha orodha ya majina, kuandaa data kabla ya kuingizwa mahali pengine. Hakuna anayeisimamia. Ndiyo maana kuijaribu sawasawa ni wajibu.

Wengi huijaribu kwa heshima kupita kiasi. Huandika s/paka/mbwa/, huona paka amegeuka mbwa, hupiga makofi na kwenda kunywa chai. Mwongozo huu unakusudia kuwatoa katika heshima hiyo. Unafundisha utovu wa adabu hatua kwa hatua, na kila ufedhuli ulioandikwa hapa utendwe kama ulivyo. Programu unayoionea haya leo itamuumbua mwenzako kesho.

Hatua ya 1: Toa hukumu kabla ya utetezi

Kabla hujabonyeza Enter, andika jibu unalolitarajia kwenye faili lake, herufi kwa herufi. Anayeendesha amri kwanza na kutazama matokeo baadaye hujikuta ameyakubali, kwa kuwa macho ni mepesi kusamehe. Andaa mafaili mawili, moja la ingizo na moja la jibu. Endesha sed juu ya la kwanza, kisha ipe cmp kazi ya kulinganisha matokeo na la pili. Ikinyamaza, yanafanana baiti kwa baiti. Ikisema neno, usibishane nayo.

Anza na swali linaloonekana la kitoto: s/a*/x/g. Nyota hapo inaruhusu a nyingi kadiri zilivyo, na inaruhusu pia zisiwepo kabisa. Ukiipa neno baaac, jibu sahihi ni xbxcx. Kuna x kabla ya b kwa sababu hapo a ni sifuri, x badala ya zile a tatu, na x mwishoni kabisa. Kati ya a ya mwisho na c haiongezeki x nyingine, kwa kuwa nafasi tupu iliyogusana na kilichokwisha kubadilishwa haihesabiwi. Waandishi wa GNU sed, toleo linalokutwa kwenye Linux nyingi, wameliweka swali hili katika majaribio yao na kuliita kwa jibu lake, xbxcx. Kama wewe uliandika jibu jingine, rudi kwenye maelezo ya matumizi kabla ya kuilaumu programu.

Hatua ya 2: Ilishe makombo

Maandishi safi yenye mistari iliyonyooka hayafichui kitu. Ipe faili tupu kabisa, kisha iamuru iongeze salamu kabla ya mstari wa kwanza. Haitatoa chochote, na iko sahihi: pasipo mstari wa kwanza hakuna cha kutanguliwa. Lakini script yako inayotegemea salamu hiyo itakwama, na ni heri ulijue hilo sasa.

Kisha ipe faili ambalo mstari wake wa mwisho hauna alama ya kufunga mstari. GNU sed huuacha ulivyo, bila kuongeza alama ambayo haikuwepo. Hakikisha hata hilo, kwa sababu baiti moja iliyozidi inatosha kuharibu ulinganisho wa mafaili mawili.

Halafu leta faili lililotoka Windows. Huko kila mstari hufungwa kwa alama mbili, na kwenye Linux ile ya kwanza hubaki imeng'ang'ania mwisho wa maandishi. Ukiomba sifuri iliyo mwishoni mwa mstari igeuzwe kuwa moja kwa s/0$/1/, hakuna kitakachobadilika, ingawa sifuri unaiona kwa macho yako. Usiyaamini macho. Tumia od -c, au sed -n l, uone alama zisizoonekana. Na kumbuka kwamba sed ikikosa cha kubadilisha bado hurudisha namba 0, yaani kazi imekwisha salama. Jaribio linalosoma namba hiyo peke yake halijajaribu kitu.

Hatua ya 3: Ingia na ng'ombe

Mifano mingi ya majaribio imeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza hakina ng'ombe. Mlete. Andika amri hii kwenye Bash, programu inayopokea amri zako kwenye terminali, ukiizungushia alama za nukuu moja kama ilivyo desturi: sed 's/ng'ombe/mbuzi/' mifugo.txt. Bash itadhani ile alama iliyo katikati ya ng'ombe imefunga nukuu, na ile ya mwisho imefungua nyingine. Itakusubiri uifunge, na utasubiriwa hadi asubuhi.

Hiyo ni nafuu, maana kosa linaonekana. Sasa fanya la hatari zaidi: 's/ng'ombe/ng'amba/'. Safari hii nukuu zimetimia nne. Bash inaziondoa zote bila kuuliza, na kinachoifikia sed ni s/ngombe/ngamba/. Faili lako halina ngombe, lina ng'ombe. Hakuna kinachobadilika, hakuna onyo, namba inayorudi ni 0. Mjaribu makini atajua kwamba kosa si la sed, ataiandika amri ndani ya nukuu mbili au kwenye faili na kuiita kwa -f, kisha ataliweka neno hilo kwenye majaribio yake daima.

Bado hujamaliza naye. Simu na programu za kuandikia barua hupenda kugeuza alama ile iliyonyooka kuwa iliyopinda. Machoni ni ng'ombe yuleyule. Kwenye kompyuta ni mwingine, kwa sababu alama iliyopinda hubeba baiti tatu katika UTF-8 ilhali iliyonyooka hubeba moja. Jaribu s/ng.ombe/mbuzi/, ambapo nukta inasimama badala ya herufi moja yoyote. Katika mazingira ya UTF-8 itawapata wote wawili. Tanguliza LC_ALL=C na yule wa alama iliyopinda ataponyoka, kwa kuwa hapo nukta inahesabu baiti moja tu. Anayeandika Kiswahili asipojaribu haya, hakuna wa kumjaribia.

Hatua ya 4: Waulize wasiohusika

Swali la kawaida ni kama kilichopaswa kubadilika kimebadilika. Swali la mfedhuli ni kama kisichopaswa kubadilika kimesalimika. Amuru s/ali/Juma/g na uwe na Salima kwenye orodha. Atatoka akiitwa SJumama, na walimu wake watakuwa wJumamu. Kila ingizo la jaribio liwe na majirani wa aina hii, wanaofanana na mlengwa bila kuwa yeye.

Weka pia alama zenye madaraka. Badilisha jina la duka liwe Juma & Wanawe, na & itageuka kuwa lile neno lililopatikana, kwa sababu ndiyo kazi yake upande wa pili wa amri. Ili ibaki kama ilivyo, itangulize mkwaju wa nyuma.

Hatari kubwa imo katika kufuta eneo kwa /mwanzo/,/mwisho/d. Tengeneza faili ambalo mwanzo na mwisho viko mstari mmoja. Ruwaza ya pili huanza kutafutwa kuanzia mstari unaofuata, kwa hiyo sed itaupita mwisho huo na kuendelea kufuta hadi ikutane na mwisho mwingine. Usipokuwepo, itafuta hadi chini kabisa. Ni tabia iliyoandikwa kwenye maelezo yake, si kasoro. Kasoro ni kutoijua ukiwa na faili la wateja mkononi.

Hatua ya 5: Ipeleke ugenini

Usikubali kuambiwa kwamba amri inafanya kazi. Uliza inafanya kazi wapi. Kwenye Linux nyingi utaikuta sed ya GNU, na kwenye Mac ni ya ukoo wa BSD. Andika sed -i 's/a/b/' orodha.txt. Ya GNU itabadilisha faili palepale. Ya Mac itadhani s/a/b/ ni kiambishi cha jina la nakala ya akiba, kisha italichukua jina la faili kuwa ndiyo amri, na kulalamika. Kiwango cha POSIX, kinachoeleza programu kama hizi zifanye kazi vipi, hakina -i, na kila ukoo ulijitungia yake.

Jaribu pia amri ya N, inayounganisha mstari na unaofuata, kwenye faili lenye mistari mitatu. Wa tatu hauna mwenzake. Kwa POSIX, sed inapaswa kuacha kazi bila kuuchapisha. Ya GNU huuchapisha, isipokuwa umeweka POSIXLY_CORRECT. Mstari mzima unaweza kupotea kwa kuhama kompyuta tu, kwa hiyo majaribio yaendeshwe kila mahali ambapo amri itatumika.

Hatua ya 6: Ondoa ardhi chini ya miguu yake

Elekeza matokeo kwenye /dev/full, kifaa cha Linux kinachojifanya diski iliyojaa. GNU sed inapaswa kulalamika na kurudisha 4. Iite kwa faili lisilokuwepo, inapaswa kurudisha 2. Ipe amri isiyoeleweka, 1.

Chukua faili lililofungwa lisiandikwe, ndani ya folda inayoandikika, na utumie -i ya GNU. Italibadilisha bila kuomba radhi, kwa kuwa sed huandika faili jipya na kulibadilishia jina, na hilo linahitaji ruhusa ya folda. Kwa sababu hiyohiyo, ukitumia -i juu ya kiungo cha ishara, kiungo hutoweka na faili la kawaida huchukua nafasi yake, ila uwe umeweka --follow-symlinks.

Mwisho, elekeza matokeo kwenye faili lilelile linalosomwa, kwa alama ya >. Bash itafuta yote yaliyomo kwenye faili kabla sed haijalifungua. Fanya hivyo juu ya nakala, ndani ya folda iliyotengenezwa na mktemp, kamwe si juu ya kazi ya watu.

Hatua ya 7: Omba radi ipige

Mwaka 1988 Barton Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alikuwa ameiunganisha kompyuta yake na ya ofisini kwa laini ya simu, usiku wa dhoruba. Kelele za dhoruba ziliingiza herufi za ovyo katika amri zake, na programu zikaanguka. Aliwapa wanafunzi wake kazi ya kuzimwagia programu za Unix takataka za kubahatisha kwa makusudi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990: katika kila toleo la Unix walilolijaribu, kati ya asilimia 25 na 33 ya programu zilianguka au kukwama.

Fanya kama wao. Chota baiti kutoka /dev/urandom uipe sed usiku kucha. Hapa hujui jibu sahihi, kwa hiyo sharti ni moja tu: isianguke na isigande. Ingizo lililoiangusha lihifadhi, lipunguze hadi libaki dogo iwezekanavyo, kisha liwe jaribio la kudumu.

Hatua ya 8: Lishuku jaribio lenyewe

Majaribio yote yakipita, usishangilie. Fungua faili la jibu, haribu herufi moja, uendeshe tena. Jaribio likiendelea kupita, halikuwa likijaribu chochote. Kisha likumbuke kila kosa lililowahi kurekebishwa, na uhakikishe lina jaribio la kulizuia lisirudi.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na programu isiyosumbuliwa na mjaribu husumbuliwa na mhasibu saa tano usiku, na mwanafunzi mwenye tasnifu moja tu, na muuguzi mwenye orodha ya wagonjwa. Basi wasumbukie wewe. Ukigundua kasoro, andika ingizo, amri, jibu ulilotarajia na jibu ulilopata, utaje toleo la programu na lugha ya mazingira yako, uwatumie wanaoitunza. Na katika ingizo hilo waache ng'ombe, Salima na walimu wake kama walivyo, ili majaribio ya dunia yaanze kujua kwamba nasi tunaandika.