Mama Yupo Tu

Wakija wageni wenye fomu hapa kijijini kwetu Dindira, mume wangu huwa mwepesi wa kujibu. "Mama watoto? Hana kazi, yupo tu nyumbani." Anajibu hivyo huku anakunywa chai niliyoichemsha kwa kuni nilizozishusha mlimani na maji niliyoyapandisha kutoka bondeni.

Wala simlaumu peke yake. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu walikutana Geneva, kwa mwito wa Shirika la Kazi Duniani, wakaafikiana kwamba anayelima chakula cha kula nyumbani kwake anafanya kazi, ndiyo, lakini asihesabiwe kwenye ajira. Maana yake maharage yangu nikiyapanda kwa ajili ya gulio, nina ajira. Nikiyapanda tuyale, sina ajira, nimeshiba tu.

"Si ukachume chai?" mawifi hunishauri. Chai ipo, mlima mzima wa kijani. Ila mchumaji hulipwa kwa kilo, na kilo zinataka uwahi. Alfajiri mimi nakoka moto, nateka maji, natafuta soksi ya mtoto iliyojificha mvunguni. Nikifika shambani, wasichana wasio na waume wameshajaza makapu. Jioni narudi, mgongo umekataa kunyooka, baba watoto ananiuliza, "Leo tunakula nini?" Anauliza kwa upole, nisimsingizie.

Wenye mikataba wana afadhali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa 2 za kunyonyesha kwa siku. Nashukuru, ingawa aliyeziandika saa hizo nadhani alikulia tambarare. Huku mtoto yuko kwa bibi yake ng'ambo ya bonde; ukishuka na kupanda, saa zimeisha na mtoto hajashika ziwa. Baba naye kapewa siku 3. Wangu, enzi zile akiwa na mkataba, alizimaliza zote kijiweni akipokea hongera.

Basi anayetaka wanawake wa Dindira tujae kwenye ajira, atuletee bomba karibu na mlango, na mahali pa kuwaacha watoto kando ya shamba. Semina za ujasiriamali abaki nazo. Kujiamini tumeshafundishwa, na ndoo bado ni ya lita 20.