Muulize Shangazi Sikio

Shangazi, salaam. Kijana wangu anashinda na singeli. Kelele na matusi matupu! Sisi tulikuwa na muziki wa kufunza: Mbaraka, Franco. Nimnyang'anye spika?
– Mstaafu, Morogoro

Kwa Mbaraka Mwinshehe sina ubishi, hasa na mtu wa Morogoro. Ila huyo Franco unayemwita mwalimu alifungwa jela kwao Zaire mwaka 1978 kwa sababu ya nyimbo za matusi. Aliimba kwa Kilingala, wewe ukatikisa kichwa ukidhani unausiwa. Halafu, mzee wangu, enzi zile redio ilikuwa moja na nyimbo zilikaguliwa kabla ya kurushwa. Zilizokataliwa hazikufika sebuleni kwenu. Zilipigwa baa, na baa ulikuwa unakwenda. Wakubwa wenu nao hawakuwaona watu wa maana: mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, eti unaharibu vijana. Vijana wenyewe ndio nyinyi. Sasa mmestaafu, mna viinua mgongo, na mnalalamikia kelele. Spika mwachie. Sauti ipungue saa nne usiku, hapo nakuunga mkono, maana mapigo zaidi ya 200 kwa dakika hayalazi mtu.

Shikamoo Shangazi. Mama yangu anacheza amapiano TikTok na ana wafuasi kunishinda. Marafiki zangu wanamsifia. Sina raha ya kucheza tena.
– Mwenye Aibu, Mbagala

Marahaba. Pole sana, mwanangu. Mtindo ukishachezwa na mama mzazi, kwako umekwisha. Tafuta mwingine, na huo usimwoneshe.

Shangazi, nina miaka 38. Nimekulia Bongo Fleva ya Juma Nature na Mr. II. Juzi niliwawekea vijana wa kazini, wakaniuliza kama ni "zilipendwa". Nimezeeka lini?
– Msela Mstaafu, Arusha

Mwaka 2010, mdogo wangu. Mr. II alipochaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini, mambo yalikwisha hapo. Professor Jay alipomfuata mwaka 2015 kupitia jimbo la Mikumi, tulimalizia kufukia. Muziki ulioitwa wa wahuni sasa unaitwa mheshimiwa, na hakuna kijana anayetaka kusikiliza waheshimiwa akitoka kazini. Usijaribu kuvaa kofia kinyumenyume, utaongeza msiba. Wasikilize tu wanachopiga. Usipokielewa, nyamaza. Usiseme "huu si muziki", kwa sababu maneno hayo uliambiwa wewe, na hukuzima redio.

Barua nyingine saba zinadai kwamba zamani ndiko kulikuwa na muziki. Nitazijibu wiki ijayo, kwa sharti moja: kila mwandishi aambatanishe picha yake ya ujana akiwa amevaa bugaluu.