Koti la Rangi Tatu

Mkataba wangu uliisha Ijumaa, na kufika Jumatatu asubuhi nilikuwa nimeshaapa kwamba safari hii nitatafuta kazi kwa utaratibu, si kwa papara kama vijana wa siku hizi. Nikanunua daftari la kaunta. Nikapiga mstari katikati ya ukurasa: huku vinavyotakiwa, huku nilivyo navyo. Upande wa nilivyo navyo nikaandika "nia". Kisha nikaenda kunywa chai.

Tusidanganyane, kutafuta kazi ni jambo jepesi. Kazi ipo kwenye kujiandaa kuitafuta. Baba alitafuta ya kwake kwa miguu, Barabara ya Pugu, geti hadi geti, mkononi bahasha ya kaki ambayo jasho lilikuwa limeigeuza rangi. Mimi kazi za serikali naziomba kwenye Ajira Portal nikiwa kitandani. Ila kabla sijabonyeza popote niwe na namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na chuo vilivyogongwa muhuri wa wakili, barua yenye saini, wasifu, picha, na wadhamini watatu, tena matangazo yanasisitiza wawe wa kuaminika. Na umri usizidi miaka 45. Mimi nina 34. Nikapiga hesabu: nimebakiwa na miaka 11 ya kukusanya karatasi. Nikaona itatosha, nisipozembea.

Namba ya NIDA haikunisumbua. Ina tarakimu 20, lakini nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na tarehe yako ya kuzaliwa, kwa hiyo za kukariri zinabaki 12 tu. Kilichonisumbua ni jina. Nilipanga vyeti vyangu kitandani kimoja kimoja, nikakuta tuko watatu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Athumani. Cha kidato cha nne kinasema Athuman. Aliyejaza fomu zile nadhani alikuwa anawahi daladala, akaiacha "i" njiani. Cheti cha chuo kinasema Othman, labda karani wao alitokea Unguja.

"Kwani wewe mwenyewe hujijui?" mama akauliza akiwa mlangoni.

"Najijua, mama. Karatasi ndizo hazijuani."

Dawa yake ni kiapo. Nikaenda kwa wakili, nikaapa mbele yake kwamba Athumani, Athuman na Othman ni mtu mmoja, ana mama mmoja, na deni lake dukani ni moja. Hilo la deni hakuliandika. Karani akajumlisha kiapo, akajumlisha mihuri ya nakala, akanitajia bei. Nikatamani wale wawili wengine wachangie.

Wadhamini sasa. Wa kwanza alikuwa mhadhiri wangu wa zamani. Nilimwandikia ujumbe mrefu, wa heshima, wenye kumbukumbu za darasani. Akajibu: "Sawa. Wewe nani?" Nikamwambia Othman, akakumbuka mara moja. Wa pili alikuwa bosi niliyetoka kuachana naye. Yeye hakuwa na neno, nadhani alifurahi kusikia naelekea kwa wengine. Wa tatu nilimtaka mzee jirani yetu, mwalimu mstaafu, mtu ambaye mtaani hata mbuzi wanampisha. Nikamfuata jioni barazani, redio iko kwenye taarifa ya habari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kiti."

"Mzee, nina ombi dogo. Nataka nikuandike mdhamini wangu."

Akazima redio. Miaka tisa ya ujirani, sijawahi kumwona akizima redio kabla ya habari za michezo. Pazia likatikisika, mkewe akatoka na mwiko mkononi, unadondosha mchuzi.

"Mdhamini wa nini?"

"Wa kazi, mama."

"Na yule alisema wa biashara."

Hapo ndipo nikakumbuka, nikatamani kumeza ulimi. Mwaka juzi mzee alimdhamini mpangaji wake mkopo wa kausha damu. Mpangaji akahama usiku. Waliokuja asubuhi wakabeba kochi, feni, na friji likiwa na samaki ndani. Tangu siku hiyo neno hilo halitamkwi kwenye ile nyumba. Hata anayesoma matangazo ya mpira redioni akisema "wadhamini wa ligi", mama anapunguza sauti.

Nikaeleza. Nikasema mdhamini wa namna hii halipi hata senti, anapigiwa simu tu, anaulizwa tabia yangu.

"Na ukiharibu kazi, wanabeba nini?" mama akauliza.

"Hawabebi kitu, mama."

"Nimekuuliza wanabeba nini."

Mzee alikubali mwishowe, kwa sharti kwamba niandike karatasi kuwa kochi jipya halihusiki na ajira yangu. Nikachana ukurasa kwenye daftari la kaunta, nikaandika, nikasaini Athumani. Mama akaisoma mara mbili, akauliza kama nitaigonga muhuri wa wakili.

Ikabaki picha. Suti sina. Niliwahi kuwa nayo moja, ikaazimwa kwa ajili ya harusi, ikaingia ukumbini na haikutoka. Kwa hiyo nikaenda Mbagala Rangi Tatu, kwa mpiga picha mwenye chumba kimoja, shuka moja la bluu ukutani na koti moja jeusi kwenye msumari. Lile koti nilieleze vizuri, maana ni uhandisi. Limechanwa mgongoni kutoka kwenye ukosi hadi chini, ili mnene alivae na mwembamba alivae, wote kwa mbele. Nyuma unabanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo. Mimi nilipewa vinne, aliyenitangulia hakuhitaji hata kimoja. Kifungo cha pili ni cheupe. Shati halina haja, kuna kola peke yake na tai ya lastiki. Kwa hiyo kuanzia kifuani kwenda juu nilikuwa meneja, kuanzia kiunoni kwenda chini nilikuwa na bukta na kandambili.

"Inua kidevu," akasema. "Hapana, unaonekana mdai. Shusha. Sasa unaonekana mdaiwa. Baki katikati."

Nikabaki katikati. Hapo hapo alipobonyeza, kibanio kimoja kikafyatuka nyuma yangu, kikapiga ukuta. Nikaomba turudie. Akaitazama picha, akatikisa kichwa: "Hii usiiguse. Una macho ya mtu aliyeona fursa."

Nikaenda nazo stesheneri kuingiza kila kitu kwenye kompyuta. Dada wa pale akaniuliza baruapepe yangu. Ile niliifungua nikiwa kidato cha tatu, kwa hiyo nikamnong'oneza. Akairudia kwa sauti ili foleni nzima ifaidike: "Mtozi wa Mbagala, yote pamoja?" Tukafungua nyingine.

Mbele yangu walikuwa vijana wawili nao wanaomba kazi. Dada alizitandaza picha zetu mezani azikate, akasita, mkasi mkononi. Nikachungulia. Watu watatu, sura tatu, koti jeusi moja, kifungo cha pili cheupe, tai imepinda kushoto kwa wote.

"Nyie ni wa kampuni moja?" akauliza.

"Bado," akajibu mmoja wao.

Maombi yangu yalikwenda jioni ile, pamoja na kiapo na picha ya mtu aliyeona fursa. Sasa nasubiri simu, na nimeshaiambia nyumba nzima kwamba akiulizwa Othman, waseme yupo.

Koti bado liko pale pale msumarini. Ukienda, nenda asubuhi kabla ya jua kuwa kali, maana kuanzia saa sita linakuwa limeshabeba jasho la wengi. Beba vibanio vyako. Na tai usiivute.