Kulwa, Doto na Godoro Jipya

Mndimu wa mama uko kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, kando ya mlango wa uani. Aliuotesha mwenyewe kwa mbegu ya ndimu aliyokamulia samaki, na mbegu ile moja ikatoa mashina mawili. Ndimu ndivyo zilivyo: mbegu moja huweza kubeba viini kadhaa, na miche mingi inayotoka humo hufanana na mti mama. Mwenye parachichi tamu hana bahati hiyo, maana kokwa lake humletea mti wenye tabia nyingine. Mama aliyaita mashina yale Kulwa na Doto, akatukataza katakata tusiyatenganishe.

Siku tuliyoletewa godoro, vijana wa mkokoteni walilipitisha mlango wa uani kwa sababu wa mbele ulikuwa mwembamba. Walilisimamisha, wakaligeuza, kona yake ikamshukia Doto. Kilisikika kitu kukatika, kisha harufu ya majani ya ndimu ikajaa koridoni.

Doto alivunjika kama shubiri moja juu ya udongo. Nyuzi nyeupe za mti zilikuwa zimechomoza, na upande wa pili shina lilishikwa na ukanda mmoja tu wa gome, mbichi bado. Mama alivuta kigoda, akalisimamisha shina kwa mkono wake huku miiba ikimchoma, wala hakuliachia.

Hapo kila mtu akawa bwana shamba. Jirani alishauri tulikate tubaki na Kulwa. Mke wangu alitoa gundi ya viatu. Mwanangu wa mwisho alikuja na plasta ya vidonda. Nikampigia mjomba, ambaye kazi yake huko Muheza ni kubebesha michungwa, yaani kupachika vikonyo vya michungwa mitamu juu ya miche ya milimau. Nilimtumia picha.

“Gundi wekeni mbali,” alisema. “Mti hauungani kwa ubao wake, unaungana kwa ngozi.”

Na ndivyo ilivyo. Kati ya gome na mti kuna utando mwembamba, wenye utelezi ukiugusa, na huo ndio unaokua: ndani hujenga mti unaopandisha maji kutoka mizizini, nje hujenga gome linaloteremsha chakula kutoka majanini. Utando wa juu ukikutanishwa na wa chini kabla haujakauka, huota nyama mpya na njia zikafunguka tena. Gundi ingekaa katikati ikaziba kila kitu.

Mjomba alituelekeza hatua kwa hatua. Tulipangusa wembe mpya kwa spiriti, nikapunguza zile nyuzi zilizozuia jeraha kufumba, kisha mama akabana mpaka gome likakutana na gome. Kilichokosekana ni nailoni ya kufungia. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, kabati letu halina rambo hata moja. Mke wangu aliangaza macho, yakatua kwenye godoro lililokuwa bado limevikwa nailoni yake. Akaichana vipande virefu palepale. Tukafunga kutoka chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia uliotangulia ili maji yasipenye, na mpini wa mwiko wa zamani ukawa mhimili.

Ugomvi ulikuja baadaye. Doto alikuwa na ndimu zake za kwanza, changa, sawa na punje za choroko.

“Dada, zitoe,” mjomba alisema. “Na majani yapunguze nusu. Jeraha halitaweza kuyanywesha yote hayo.”

“Majani nitapunguza. Ndimu sitoi.”

“Dada!”

“Nimezingoja miaka, we mtoto.”

Simu ikakatika, sijui kwa mtandao au kwa mkono wa mama. Tuliihamishia ndoo kivulini nyuma ya tangi la maji. Majani yaliyobaki yalinyauka jua likiwa kali, jioni yakainuka kidogo. Ndimu zikawa njano, zikapukutika zote. Mama aliziokota moja moja, akaziweka kwenye kisahani dirishani, na siku ile hakuna aliyemsemesha juu ya mti.

Naamini kazi kubwa kuliko kufunga ilikuwa kutofungua. Mjomba alitaka tungoje mwezi na nusu, lakini nyumba nzima ilikuwa na hamu ya kuchungulia. Mtoto alibonyeza bandeji kila alipotoka shule, mgeni naye akataka kujua ndani kuna nini. Mama alihamisha kigoda chake nyuma ya tangi, akawa anachambulia mchele hukohuko.

Tulipofungua, pale palipovunjika palikuwa na uvimbe wa rangi ya maziwa umelizunguka shina, mgumu ukiugusa, na juu yake machipukizi mekundu yalikuwa yamefumuka. Mama aliupitishia kidole mara mbili, akaniambia nimpigie mdogo wake.

Sasa Doto ametoa maua. Mama huyachuma mwenyewe kila asubuhi kabla hayajashika tunda, anasema bado mtoto hajapata nguvu. Mpini wa mwiko utabaki mpaka masika yapite.